Cha Mtema Kuni: Historia ya Shoka Katika Nchi ya Ugogo

Mtoto mkaidi huonywa kwamba atakiona cha mtema kuni, naye, kwa kuwa hajui ni kitu gani alichokiona mtema kuni huyo, huogopa zaidi ya vile ambavyo angaliogopa lau angalitajiwa fimbo. Sisi watu wazima tumeurithi msemo huo pamoja na fumbo lake, tukautumia sokoni na barazani bila ya kuuliza mtema kuni alikwenda msitu gani, alichukua shoka la namna gani, na ni jambo gani lililomkuta huko hata jina lake likawa tishio. Makala haya yanakusudia kumfuata mtema kuni mmoja, yule wa uwanda wa kati wa Tanzania, tangu zama alipokuwa akitumia chuma chepesi kama ulimi wa mbuzi hata siku aliposhika shoka nene la ratili saba la kupasulia magogo, na kueleza sababu zilizombadilisha yeye na zana yake.

Yafaa nchi yenyewe ijulikane kwanza. Dodoma imekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua yake, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha karibu yote baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Mti uliokulia katika ukame wa namna hiyo hukua polepole na kuwa mgumu: mpingo, ambao kiini chake kikitiwa majini huzama, na mkambala na migunga ya kila aina, ambayo moto wake ni mkali na makaa yake hukaa hadi alfajiri. Kwa hiyo Ugogo ulijaliwa kuni nzuri kupita kiasi, ila ni kuni ambazo zikishakatwa hukawia mno kurudi, na katika mambo hayo mawili ndimo ilimo historia yote tutakayoisimulia.

Chuma kilichoingia mtini: kabla ya 1850

Katika zama zilizotangulia misafara mikubwa, mtu wa Ugogo hakuwa na dhiki ya kuni hata akahitaji zana nzito ya kuzitafutia. Mwanamke alitoka asubuhi na kamba yake, akaokota matawi yaliyokauka na kuanguka yenyewe, akayavunja kwa mguu juu ya jiwe, akafunga mzigo akarudi nao kichwani. Na moto wa mafiga matatu haukumdai gogo lililochanjwa, kwa kuwa mpishi husogeza ncha za vijiti katikati kadiri zinavyoliwa na moto. Shoka lilikuwa la mwanamume, na kazi yake ilikuwa kufyeka shamba la uwele na mtama, kukata miiba ya zizi la ng'ombe, kuchonga mizinga ya nyuki na, zaidi ya yote, kutafuta miti ya tembe, ile nyumba ndefu yenye paa bapa la udongo, ambayo kuta zake ni nguzo zilizosimamishwa karibu karibu na kukandikwa, na ambayo boriti zake hazina budi kuwa imara, maana udongo ulio juu ukilowa kwa mvua uzito wake huongezeka sana.

Chuma cha shoka hilo aghalabu kilitoka nje ya Ugogo. Upande wa kaskazini, katika milima ya Kondoa, Warangi walisifika kwa uhunzi, na bonde la Haubi lina mavi ya chuma yaliyosalia kutokana na tanuri za kale; upande wa magharibi yalitoka majembe ya Usukuma na Unyamwezi, ambayo yalisafiri mbali na kupokelewa njiani kama mali ya kubadilishia vitu. Chuma kilikuwa adimu, na kwa sababu hiyo hakikutupwa: jembe lililokwisha makali lilirudi motoni likatoka shoka, na shoka lililokwisha likatoka kisu. Wala tusisahau kwamba tanuri ya kuyeyushia chuma hula makaa mengi ya miti migumu, kiasi kwamba kila shoka lililozaliwa lilikuwa limekwisha kugharimu miti kabla halijakata hata mmoja.

Umbo la shoka hilo la kale lastahili kutazamwa kwa makini. Kengee yake ilikuwa nyembamba, pana kidogo penye makali, na nyuma yake ilichongoka kama mkia. Mwenye shoka alitafuta mpini wenye kichwa kinene kama rungu, akautoboa kichwani kwa chuma chekundu cha moto, kisha akauchomeka ule mkia ndani ya tundu lililoungua. Kila pigo alilolipiga liliusukuma mkia ndani zaidi, hata kazi yenyewe ikawa ndiyo inayokaza zana. Na alipotaka kuchonga badala ya kukata, aliing'oa kengee, akaigeuza ubavu, shoka likawa tezo. Hapa chuma kiliingia mtini, na mti ndio uliokuwa bwana. Lakini zana hiyo ilikuwa na mpaka wake: ilikata mti kwa kukingama na nyuzi zake, haikupasua kwa kufuata nyuzi, kwa sababu chuma kikiwa chembamba hukwama ndani ya gogo, na mtu akikisokota ili kukinasua, kichwa cha mpini hupasuka kabla ya gogo.

Jambo jingine la zama hizo limesalia katika lugha. Watawala wa makabila mengi ya bara waliitwa watemi, nao Wagogo pia walikuwa na watemi wao, walinzi wa mawe ya mvua. Na jina hilo wengi hulitoa katika kitendo cha kutema, yaani kukata, wakieleza kwamba mtemi ni yule wa kwanza aliyeufyeka msitu watu wakakaa, au ni yule akataye shauri. Vyovyote iwavyo, mtemi na mtema kuni ni ndugu wa shina moja, mmoja akiketi juu ya kigoda na mwingine akibeba mzigo.

Misafara na mioto ya kambini: 1850 hadi 1890

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita katikati ya Ugogo, kwa sababu njia nyingine zilikuwa ndefu zaidi au hazina maji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na kabla yao na baada yao walipita wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi wasiohesabika. Msafiri aliyetoka Mpwapwa alivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali, ambayo maji yake ni machungu, kisha akaingia katika nchi za watemi waliotoza hongo ya nguo, shanga na waya kwa kila aliyetaka kunywa maji ya visima vyao.

Msafara wa watu mia tano au elfu moja ulipopiga kambi jioni, uliwasha mioto mingi kwa wakati mmoja, ukazungushia boma la miiba kwa kuwahofia simba na wezi, na asubuhi ukaondoka ukiacha majivu. Kambi hizo zilikuwa zile zile mwaka hata mwaka, kwa kuwa maji hayakuhama, na hivyo kando ya kila kisima mashuhuri kuni zilianza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Wapo wanaosimulia kwamba hata jina la Wagogo lilitokana na gogo la mti lililokuwa alama ya wasafiri Wanyamwezi njiani. Mimi sitalipigania simulizi hilo, ila nalipenda kwa kuwa linakubaliana na mambo yaliyofuata, maana mgeni aliyekuwa akija baada ya misafara alikuja kwa ajili ya magogo hasa.

Moshi wa reli: 1890 hadi 1920

Wadachi, yaani Wajerumani, waliweka kituo Mpwapwa mwaka 1887, kikashambuliwa wakati wa vita vya Bushiri, wakakirejesha. Na muda si mrefu nchi yote ikawa chini ya boma na kodi. Mwaka 1905 walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma, ukingoni mwa ziwa, mwaka 1914. Mataruma yake yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawastahi ubao, na mtu angedhani kwamba kwa hekima hiyo misitu imesalimika. Walakini tumbo la garimoshi lilikuwa na njaa yake. Makaa ya mawe hayakuwapo karibu, na kuyaleta kwa meli ilikuwa gharama. Basi mashine za reli hii zikalishwa kuni, katika utawala wa Wadachi na miaka mingi ya utawala wa Waingereza waliowafuata, na kando ya stesheni yakainuka malundo marefu ya kuni zilizopangwa kwa ustadi kama matofali.

Hapo ndipo kazi ya kuchanja ilipopata cheo chake. Gogo zima likitiwa katika tanuri ya mashine huungua kutoka nje kuingia ndani, kwa uvivu, maana gome lake huuzuia moto; bali gogo lililopasuliwa kwa urefu huonyesha kifua chake cheupe, moto ukalishika mara moja, likatoa joto kwa haraka kama linavyotakiwa na mvuke. Fauka ya hayo, kuni za reli zilitakiwa ziwe na urefu wa namna moja, ziweze kupangwa, kupimwa na kulipiwa. Kile kilichokuwa zamani kazi ya kuokota, akiifanya mwanamke kwa moto wa nyumba yake, kikawa kazi ya kukata, kupasua na kupima, akiifanya mwanamume kwa ujira. Na mwanamume aliutaka ujira huo kwa sababu kodi ya nyumba ililipwa kwa rupia, na rupia haikuota shambani. Tukitafuta siku ambayo kuni zilizaliwa upya kuwa bidhaa katika uwanda wa kati, hatuwezi kuikosea sana tukiitaja ile siku ambayo garimoshi lilipiga king'ora Dodoma kwa mara ya kwanza.

Vita Kuu vikakatiza hesabu zote. Julai 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu, wakiongozwa na van Deventer, yaliingia Dodoma. Ng'ombe na nafaka vilikuwa vikichukuliwa na majeshi, vijana wakatwaliwa kwa upagazi, na mvua zilipokosekana baada ya hapo ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, iliyowala watu wengi kati ya 1918 na 1920. Waliosalia waliishi kwa mizizi na matunda ya mwitu. Katika miaka hiyo miti ilikuwa ghala la mwisho la binadamu, na shoka lilipumzika kwa kukosa mkono wenye nguvu ya kuliinua.

Mti ulioingia chumani: 1920 hadi 1946

Dodoma ya Waingereza, makao ya Jimbo la Kati, ilikuwa mji mdogo wa stesheni, boma, misheni, gereza, hospitali na maduka ya Wahindi, na kila kimojawapo kilikuwa na jiko kubwa lililohitaji kuni nene. Katika maduka hayo yalining'inia, pamoja na majembe na mapanga ya viwanda vya Uingereza, mashoka ya namna mpya, yaliyofuliwa kwa mitambo, yenye tundu katika kisogo. Umbo lilikuwa limepinduka: sasa mti uliingia chumani, na chuma kikawa bwana. Kichwa kiliweza kuwa kizito kadiri fundi apendavyo, kwa kuwa uzito haukutegemea tena ugumu wa rungu la mpini. Na kati ya mashoka hayo lilikuwamo lile nene la kupasulia, ratili sita, saba hata nane, lenye mashavu yaliyotuna kama kabari na kisogo bapa kama cha nyundo.

Mtazame mchanja kuni ajuaye kazi yake. Kwanza halichukui shoka. Hulizunguka gogo, akasoma uso wake uliokatwa, akautafuta ufa ulioanza kwa kukauka, ambao hutoka kiinini kwenda nje kama mshale wa saa. Hulisimamisha gogo juu ya gogo jingine pana, ili pigo likipita lisizame ardhini na kuharibu makali kwa mchanga. Husimama miguu ikiwa imeachana, mkono mmoja mwishoni mwa mpini na mwingine karibu na kichwa. Akiinua, ule wa juu huteleza kuja chini, na akishusha, halitii shoka nguvu bali hulielekeza tu, akiuacha uzito ufanye kazi yake. Pigo la kwanza hulipiga ukingoni, si katikati, maana ukingo hufunguka upesi kuliko kiini. Panapo kifundo, palipoota tawi zamani, hugeuza gogo chini juu au hupakwepa, kwa kuwa nyuzi za mti hapo zimesukana kama ukili. Na akikutana na mgunga uliokauka miaka miwili, hucheka kidogo na kuuweka kando, maana mti mgumu aghalabu huchanjika kwa wepesi ungali na unyevu, na ukishakauka huwa mfupa.

Shoka jema la kupasulia hujulikana kwa mambo matatu. Makali yake yametiwa ugumu kwa moto na maji, walakini mwili wake umeachwa laini kiasi, usije ukapasuka kama chungu. Tundu lake ni pana juu kuliko chini, ili mpini ukikazwa kwa kabari usiweze kurudi ulikotoka. Na mpini wake umechongwa kwa mti ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka mwanzo hata mwisho. Kwa jambo hili la tatu kiwanda cha ng'ambo kilikuwa mwanafunzi na Mgogo alikuwa mwalimu. Mpini wa dukani, uliokauka katika hewa ya nchi baridi, ulipofika Dodoma ulizidi kusinyaa kwa ukame wa Septemba, kichwa kikacheza, na kichwa kinachocheza ni hatari kwa kila aliye mbele yake. Mafundi wengi walililaza shoka majini usiku kucha, mpini ukavimba na kukaza. Lakini dawa hiyo ni ya mkopo, kwa kuwa nyuzi zilizobanwa wakati wa kuvimba hulegea zaidi zikikauka tena. Mwenye busara alikwenda porini akakata mkole, mti ulio mgumu na mnyumbufu ambao tangu zamani watu wamechonga kwao pinde na fimbo, akauacha ukauke kivulini kwa miezi, ndipo akautia tundu. Husemwa kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni, na katika uwanda wa kati neno hilo lilikuwa na ziada yake, kwamba chuma chaweza kutoka Birmingham, ila mpini sharti uwe mwenyeji.

Minyororo ya Kongwa: 1947 hadi 1951

Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaazimia kulima karanga Tanganyika kwa kiasi ambacho dunia haijapata kukiona. Timu iliyoongozwa na John Wakefield ilizuru nchi mwaka 1946 na kupendekeza zaidi ya ekari milioni tatu zifyekwe katika muda wa miaka sita. Na mahali pa kuanzia palichaguliwa Kongwa, mashariki ya Dodoma, kichaka ambacho wenyeji walikuwa wamekiacha kwa sababu zao. Reli ndogo ikachepushwa kutoka Msagali, matrekta yaliyosalia vitani yakanunuliwa, na mengine yakaundwa kwa vifaru vilivyovuliwa mizinga.

Wageni hao walikuja na hesabu ya mashine, nacho kichaka kikawajibu kwa hesabu ya mizizi. Vichaka vya Kongwa vilisukana kiasi cha mtu kushindwa kupenya. Mizizi yake ilikwenda chini na kando kuliko ilivyodhaniwa. Na ardhi, iliyokuwa laini wakati wa mvua, iligeuka saruji wakati wa kiangazi na kuyala makali ya majembe ya matrekta kwa mchanga wake mkali. Ikabuniwa hila ya kufunga mnyororo mnene wa nanga ya meli baina ya matrekta mawili na kuuburuta, ukaangusha kila kilichosimama. Miti ikalala, ila visiki na mizizi vikabaki palepale. Katika mwaka wa kwanza zilitazamiwa ekari 150,000, zikapandwa 7,500 hivi. Na Januari 1951 mpango mzima uliachwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36.

Wanahistoria wamekwisha kuandika juu ya makosa ya mvua, ya udongo na ya siasa. Mimi nataka kuongeza sababu moja ndogo. Mwenye shoka huonana na mti mmoja mmoja, na kila mti humfundisha jambo: huu una kifundo, huu una mizizi ya kina, pale udongo ni mkavu. Mwenye mnyororo wa nanga haonani na mti wowote, naye hujifunza kwa mkupuo mmoja, siku ambayo fedha zimekwisha. Wagogo waliokuwa vibarua Kongwa waliyaona hayo kwa macho yao, wakapokea ujira wao wakarudi nyumbani, na wakati wa jioni moto wa nyumba zao uliwaka kama kawaida kwa vijiti vitatu.

Vijiji, makao makuu na springi za malori: 1961 hadi 1990

Uhuru ulileta mambo matatu ambayo, kila moja kwa njia yake, yalimwongezea mtema kuni safari. La kwanza ni vijiji. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwakusanya katika vijiji vya Ujamaa watu waliokuwa wametawanyika, kila kaya na pori lake. Shule, zahanati na kisima vikawasogelea, lakini kuni zikawakimbia, kwa kuwa kaya mia tatu zilizokaa pamoja humaliza miti iliyo karibu kwa muda ambao kaya mia tatu zilizotawanyika hazingeimaliza kamwe. La pili ni uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia Dodoma makao makuu ya nchi, ulioanzisha ujenzi, na ujenzi huhitaji tofali za kuchoma, na tofali huhitaji magogo. La tatu ni kwamba katika mwaka huo huo wa 1973 serikali ilikubali kwamba ardhi inaondoka, ikaanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa kifupi HADO. Katika milima ya Kondoa, pale pale walipokuwa wahunzi wa kale, makorongo yalikuwa yamechimbika hata kuwa mabonde mekundu, na mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 ili majani na miti vipate nafasi. Ilikuwa amri chungu kwa wafugaji. Lakini mimea ilirejea kwa kasi iliyowashangaza hata waliotoa amri.

Katika miaka hiyo shoka nalo lilibadilisha ukoo. Reli ilikwisha kuacha kuni na kushika mafuta. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa kikitoa majembe ya taifa. Lakini fedha za kigeni zilipoadimika, bidhaa za chuma zikawa za foleni. Ndipo wahunzi wa mitaani waliporudi katika heshima yao ya kale, wakiwa na madini mapya, nayo ni springi za malori mabovu. Chuma cha springi kimeumbwa kupinda na kurudi, hakivunjiki upesi, na kikikatwa kwa patasi kingali chekundu, kikapigwa juu ya kipande cha reli kilichogeuzwa fuawe, hutoka shoka ambalo makali yake hudumu kuliko mengi ya dukani. Na wahunzi wengi, kwa kuwa springi ni bamba lisilo na unene wa kutosha kutobolewa tundu, waliifuata sanaa ya babu zao: wakakichonga chuma mkia, wakakichomeka katika mpini wenye kichwa. Chuma kikaingia tena mtini, baada ya miaka hamsini ya ugenini.

Kisiki hai: 1990 hata leo

Miji ilipokua, kuni ziligeuka mkaa, kwa sababu mkaa ni mwepesi kubeba na haufukizi chumba cha kupanga. Mwenye shoka sasa alikata mti mbichi, akaupanga katika tanuri la udongo, akauza gunia kando ya barabara. Na zile kuni za kuchanja zikabaki kwa shule, wapika pombe, wachoma tofali na wapishi wa shughuli kubwa. Mwaka 2012 wilaya ya mji wa Dodoma ilihesabiwa kuwa na watu 410,956. Serikali ikahamia kwa dhati kuanzia 2016, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, na sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179. Watu hao wote hula mara mbili tatu kwa siku, na jua la Dodoma haliivishi maharage. Kwa sababu hiyo mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka shabaha kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imekwisha kuingia vijijini, ingawa aghalabu gesi hupika chai, na maharage hurudi mafigani.

Pamoja na hayo limetokea jambo lisilo na kishindo, ambalo kwangu mimi ndilo kilele cha historia hii. Tangu mwaka 2018, katika vijiji vya Dodoma, shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wamekuwa wakiwafundisha wakulima kazi iitwayo Kisiki Hai. Mti wa nchi kavu ukikatwa aghalabu haufi. Mizizi yake hubaki hai chini kwa miaka mingi, kila msimu ikitoa machipukizi, na kila msimu machipukizi hayo hulimwa, huliwa na mbuzi, au huchomwa pamoja na takataka za shamba. Mkulima hufundishwa kuchagua machipukizi machache yaliyonyooka, kuyakata mengine, kuyapunguzia matawi yaliyobaki, kuyafunga alama ya kitambaa ili watu wote wajue kwamba mti huu una mwenyewe, na kuulinda. Mizizi iliyowashinda wenye mnyororo wa Kongwa ndiyo hiyo hiyo inayorudisha miti, kwa kuwa haikuwahi kuondoka.

Asubuhi ya Septemba, kabla ya mvua, utamwona mkulima ameinama mbele ya kichaka cha machipukizi kumi na matano yaliyotoka katika kisiki kimoja, ameshika shoka dogo la springi, mpini wa mkole umekuwa mweusi kwa jasho. Hukata kumi na mawili, polepole, karibu na shina, bila ya kulijeruhi gome la yale matatu anayoyaacha. Kisha hukusanya alivyovikata, akavivunja kwa mguu juu ya jiwe, akavifunga mzigo: ni vijiti vyembamba, kadiri ile ile iliyotosha mafiga matatu kabla ya misafara, kabla ya reli na kabla ya karanga. Shoka nene la ratili saba limeegemezwa ukutani nyumbani, likingoja gogo ambalo litachukua miaka mingi kunenepa. Na yeye, kabla hajajitwika mzigo wake, hukitazama kile kisiki alichokirithi kwa baba yake kikiwa kimekatwa, na ambacho mwanawe atakirithi kikiwa mti. Nadhani hicho ndicho cha mtema kuni, nacho hakitishi mtoto wa mtu.